Maswali ya Wasomaji: Kishikwambi, Kompyuta na Soketi ya Ukutani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha shule ya sekondari mkoani Rukwa na ninatumia kimojawapo cha vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Ofisini kwetu kuna soketi moja tu ya ukutani, nasi tuko wengi, kwa hiyo huwa ninakichomeka kwenye kompyuta ya mezani kwa waya wa USB. Alama ya radi inatokea kwenye betri, lakini nikiandaa masomo asubuhi nzima asilimia zinashuka badala ya kupanda. Je, betri imekufa au kompyuta ndiyo mbovu?

JIBU: Mwalimu, kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili kwamba betri imekufa wala kwamba kompyuta ni mbovu. Tundu la USB la kompyuta liliwekwa hasa kwa ajili ya kupitisha taarifa, na umeme utokao humo ulikusudiwa kuendesha vifaa vidogo kama kipanya, kibodi na flashi. Katika USB 2.0, ambayo bado imo kwenye kompyuta nyingi za ofisi, tundu hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5. Katika USB 3.0, ambayo mara nyingi hutambulika kwa plastiki ya buluu iliyomo ndani ya tundu, hutoa ampea 0.9, yaani wati 4.5. Chaja ya ukutani ya kishikwambi, hata ile ya kawaida kabisa, kwa kawaida hutoa wati 10 au zaidi.

Chukua sasa betri yenyewe. Kishikwambi cha inchi 10 chenye betri ya miliampea-saa 7,000 kinahifadhi takribani wati-saa 27. Ukigawanya kwa wati 2.5 unapata karibu saa 11 za kukijaza kutoka sifuri, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea ikiwa joto, saa hizo huongezeka, tena hapo tunazungumzia kishikwambi kilichozimwa. Kikiwashwa, mwanga wa kioo ukiwa mkali na intaneti ikiwa wazi, kinaweza kula umeme mwingi kuliko huo unaoingia, na ndiyo maana asilimia zinashuka mbele ya macho yako. Alama ya radi inakuambia tu kwamba umeme unaingia, bila kukuambia kama unaoingia unazidi unaotumika. Apple waliliona jambo hili tangu iPad ya kwanza ya mwaka 2010, iliyokuja na chaja ya wati 10: ukiichomeka kwenye tundu dhaifu la kompyuta ikiwa imewashwa, huandika kwamba haichaji, ingawa ukiizima hupokea umeme kidogo kidogo.

Liko jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Kishikwambi hakivuti umeme kwa nguvu, bali kwanza huchunguza kimeunganishwa na nini. Kwa kanuni za USB 2.0, kifaa kinaruhusiwa kuvuta ampea 0.1 tu mpaka kompyuta ikitambue, ndipo kipewe ruhusa ya kufika ampea 0.5. Kompyuta ikilala, matundu yake mengi huzimwa au hupunguza umeme, hivyo kukiacha kishikwambi kwenye kompyuta iliyolala usiku kucha kunaweza kukuletea asubuhi asilimia zile zile za jana. Katika chaja nyingi za ukutani, kwa upande mwingine, nyaya mbili za taarifa zimeunganishwa pamoja ndani ya chaja. Kishikwambi kikizigundua kinajua kwamba hakuna kompyuta hapo, nacho kinajiruhusu kuvuta umeme mwingi zaidi.

Ushauri wangu ni kwamba mtenganishe kazi hizi mbili: ukutani mchaji, kwenye kompyuta mnakili kazi zenu. Soketi moja si kikwazo kikubwa kama inavyoonekana. Ekstensheni nzuri yenye fyuzi ya ampea 13 kwenye umeme wetu wa volti 230 inaweza kubeba karibu wati 3,000, na chaja kumi za wati 10 zikichomekwa kwa pamoja hazivuti hata wati 150. Hatari inakuja pale mtu anapochomeka kwenye ekstensheni hiyo hiyo pasi au jagi la umeme la kuchemshia chai, kwa sababu jagi moja peke yake linaweza kuvuta wati 2,000, na ekstensheni hafifu yenye nyaya nyembamba hupata moto kabla fyuzi haijakatika. Wekeni ekstensheni moja iwe ya vishikwambi tu, na chai ichemshwe kwingine. Siku ambayo hakuna budi kutumia kompyuta, chagua tundu la USB 3.0 kama lipo, hakikisha kompyuta haijalala, na ukizime kishikwambi au angalau upunguze mwanga wa kioo.

SWALI: Nimenunua kebo mpya ya mita 2 sokoni Morogoro. Inachaji kishikwambi changu cha Android, ingawa polepole, lakini nikikiunganisha na kompyuta ili nitoe picha za harusi ya mdogo wangu, kompyuta haikioni kabisa. Kebo ya zamani ilikuwa inafanya yote mawili.

JIBU: Ndani ya kebo ya kawaida ya USB ya aina ya zamani kuna nyaya nne. Nyekundu na nyeusi hupitisha umeme, kijani na nyeupe hupitisha taarifa. Ukiipasua kebo nyingi za bei ya chini utakuta nyekundu na nyeusi peke yake, kwa kuwa mtengenezaji ameamua kuokoa shaba, na muuzaji naye mara nyingi hana habari. Kebo ya namna hiyo itachaji, lakini haitaweza kamwe kupitisha picha hata moja, hata ubadilishe kompyuta kumi. Unapokwenda kununua nyingine, omba ijaribiwe hapo hapo dukani kwenye kompyuta, kwa kuwa simu ya muuzaji ikionyesha alama ya radi hujathibitisha lolote kuhusu nyaya za taarifa.

Polepole uliyoitaja nayo ina sababu ndani ya kebo hiyo hiyo. Waya wa shaba wenye unene wa theluthi moja ya milimita, katika kebo ya mita 2 ambamo umeme unakwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 0.85 kwa kila ampea 1 inayopita. Volti 5 zilizotoka kwenye chaja zinafika zikiwa zaidi kidogo ya 4, na kishikwambi kikiona zimeshuka hivyo hupunguza kasi ya kuchaji. Kwa kuchajia, kebo fupi na nene ni bora kuliko ndefu na nyembamba, hata kama chaja ni ile ile.

Ukishapata kebo yenye nyaya zote, usishangae kama kompyuta bado inaonyesha folda tupu. Vishikwambi vingi vya Android vikiunganishwa na kompyuta huanza kwa kuchaji tu, na ni lazima uvifungulie mlango wewe mwenyewe: fungua kioo kwa namba yako ya siri, vuta chini sehemu ya arifa, gusa arifa inayohusu USB, kisha chagua kuhamisha faili. Utaratibu huu ni wa makusudi, ili mtu aliyeokota kishikwambi chako asiweze kukichomeka kwenye kompyuta yake na kusoma yaliyomo. Kwa sababu hiyo hiyo, ukichaji kwenye tundu la USB la basi au la ukumbi wa wageni, acha chaguo libaki kwenye kuchaji tu, na kifaa kikikuuliza kama unaiamini kompyuta usiyoijua, kataa.

Kuhusu picha za harusi nina ombi moja. Zinakili kwanza, zifungue kadhaa kwenye kompyuta uone kama zimefika zima, na ndipo ufute za kwenye kishikwambi kama unahitaji nafasi. Usitumie amri ya kukata na kubandika. Waya ukicheza au umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, faili iliyokuwa njiani inaweza kukosekana pande zote mbili, na harusi hairudiwi ili ipigwe picha upya.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa. Kompyuta yangu iliharibika, nikanunua nyingine. Nilipounganisha iPad yangu ili nisawazishe muziki na video za masomo, iTunes ikaniambia iPad hii imesawazishwa na maktaba nyingine na ikaniuliza kama nataka kufuta na kusawazisha. Niliogopa nikachomoa waya. Nifanyeje?

JIBU: Ulifanya vyema kuchomoa, na ninatamani kila msomaji angesoma ujumbe huo kwa makini kama wewe, maana wengi hugusa kitufe cha kwanza wanachokiona. Katika utaratibu wa Apple, muziki na video zilizopakiwa kutoka kompyuta hufuata maktaba ya kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Kusawazisha hapa maana yake ni kuifanya iPad ifanane na kompyuta, na kompyuta yako mpya haina kitu. Ukikubali, nyimbo na video zilizotoka kwenye kompyuta ya zamani zitaondolewa na maktaba tupu itachukua nafasi yake. Picha ulizopiga kwa kamera ya iPad yenyewe haziguswi na hatua hiyo. Zilizo hatarini ni albamu zilizopakiwa kutoka kompyuta iliyokufa, endapo utaamua kusawazisha picha pia.

Kabla ya lolote, tofautisha kusawazisha na kuweka nakala rudufu. Nakala rudufu huchukua yaliyomo kwenye iPad, kama vile mipangilio, madokezo na taarifa za programu, na kuyahifadhi kwenye kompyuta bila kufuta kitu kwenye iPad, lakini haibebi nyimbo na video zilizopakiwa kutoka kompyuta. Kwa hiyo unganisha tena, ukatae kufuta, kisha uchague kuweka nakala rudufu kwenye kompyuta hiyo mpya, na uweke tiki ya kuifunga kwa nenosiri, kwa kuwa nakala iliyofungwa huhifadhi pia manenosiri yako, ambayo nakala ya wazi haiyahifadhi. Nenosiri hilo liandike mahali salama. Ukilisahau hutaweza kuirejesha nakala hiyo. Kama una Mac yenye mfumo wa mwaka 2019 au wa baadaye, iTunes hutaiona. Kazi hiyo hufanywa ndani ya Finder, programu ya Mac ya kufungulia faili na folda.

Video za masomo ndizo zenye kazi. Nyimbo na filamu ulizonunua kwa akaunti yako ya Apple kwa kawaida unaweza kuzipakua upya, lakini video ulizopewa na mhadhiri kwa flashi na kuzipitisha kwenye kompyuta ya zamani hazimo katika akaunti yoyote. Jaribu kwanza kuitoa diski kuu ya kompyuta iliyoharibika. Mara nyingi kinachokufa ni ubao mama au kioo, ilhali diski ni nzima, na fundi anaweza kuiweka kwenye kasha la USB ili unakili folda nzima ya muziki na video hadi kompyuta mpya. Maktaba ikisharudi mahali pake, kufuta na kusawazisha hakutakupotezea kitu.

SWALI: Nikiwa nimechomeka kishikwambi ukutani na nikagusa mgongo wake wa chuma, ninahisi kama vidole vinawashwa au kutetemeka. Nikichomoa, hali hiyo inakwisha. Chaja si ile iliyokuja nacho. Je, ni hatari? Mama wa watoto wawili, Unguja.

JIBU: Mama, acha kuitumia chaja hiyo leo, na watoto wasikiguse kishikwambi kikiwa kimechomekwa. Ni kweli kwamba hata chaja halisi isiyo na waya wa ardhi hupitisha umeme kidogo sana kupitia kifaa kimoja cha ndani kinachopunguza kelele za umeme, nao unaweza kuhisiwa kama mwasho hafifu kwenye chuma bila kumdhuru mtu. Lakini mtumiaji hawezi kutofautisha kwa vidole mwasho huo na ule wa chaja ambayo kinga yake imeanza kushindwa. Chaja inapokea volti 230 upande mmoja na kutoa 5 upande wa pili, na kinachotenganisha pande hizo ni nafasi ya milimita chache na tabaka za plastiki zilizozungushiwa nyaya za transfoma. Chaja bandia hupunguza hapo hapo, kwa sababu hapaonekani. Mwaka 2016 shirika la upimaji wa usalama la UL lilipima chaja bandia 400 zilizoiga za simu za Apple, na zaidi ya asilimia 99 zilishindwa, baadhi yake zikiwa mbovu kiasi cha kuweza kuua mtu kwa umeme.

Nunua chaja kwa muuzaji anayekupa risiti na anayekubali kuirudisha. Ishike mkononi: chaja bandia mara nyingi ni nyepesi kupita kiasi, na maandishi yake hufutika kwa kidole au yana makosa ya tahajia. Soma pia kama inapokea volti 100 hadi 240, kiwango kinachotosheleza umeme wa Unguja na wa bara. Hata ukiwa na chaja nzuri, fundisha watoto kuchomoa kabla ya kucheza, na wasikishike kwa mikono iliyolowa.

SWALI: Chaja ya kompyuta mpakato yangu ni ya wati 65 na inaingia kwenye kishikwambi changu chenye tundu la USB-C. Nikiitumia itakiunguza? Msomaji, Bukoba.

JIBU: Haitakiunguza, ikiwa ni chaja halisi. Wati 65 ni uwezo wa juu wa chaja, na kiasi kinachovutwa huamuliwa na kishikwambi. Chaja za USB-C za namna hiyo huanza na volti 5, kisha vifaa viwili vinakubaliana kama volti ipandishwe hadi 9 au zaidi. Kishikwambi kisichoomba hakipewi. Umoja wa Ulaya umefanya tundu hilo kuwa la lazima kwa simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa huko tangu tarehe 28 Desemba 2024, ili chaja moja ihudumie vifaa vingi. Angalia tu joto: kikiwa kinachaji haraka kitapata uvuguvugu, kwa hiyo kitoe kwenye kasha nene na usikiweke juu ya godoro wala dirishani penye jua.