Tanuru la Fezi Tatu, Nyumba ya Fezi Moja

Wafinyanzi wenzangu mnaniuliza sana kama tanuru kuukuu la umeme linaweza kufanya kazi nyumbani. Linaweza. Langu liko hapa Goba, mwaka wa nne sasa linachoma vyungu. Ila mwezi wa kwanza nusura liniunguzie nyumba, na chanzo kilikuwa waya ambao sikuwahi kuufikiria: nyutro, ule unaorudisha umeme.

Nililinunua kwenye mnada wa vifaa vya shule vilivyochakaa. Kibati cha ubavuni kilikuwa kimeshika kutu, nikakisugua taratibu kwa msasa laini mpaka maandishi yakatokea: volti 415, fezi 3, kilowati 9, limetengenezwa Uingereza. Nakusihi, soma kibati kabla hata ya kuuliza bei. Matanuru ya shule za Marekani, kwa mfano, mengi ni ya volti 208. Ukiliwasha hilo kwa volti 230 za kwetu linavuta nguvu zaidi kwa asilimia 22, na koili (nyaya zinazotoa joto) na swichi zake hazidumu.

Nyumbani nina fezi moja, yaani waya mmoja tu wa moto, kama majirani zangu karibu wote. Fundi wa kwanza alichukua nyaya tatu za fezi akaziunganisha kwenye waya mmoja wa moto, nyutro akaiacha kama ilivyokuwa. Tanuru likawaka, tukafurahi. Saa ya tatu ya uchomaji nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikakimbilia meni swichi nikazima. Asubuhi lilipopoa nikafungua kifuniko cha nyuma. Nyaya za moto zilikuwa nzima kabisa. Nyutro ndiyo ilikuwa imebabuka, ganda lake jeusi likibanduka kwa ukucha, na skrubu yake imegeuka rangi ya buluu kama panga lililosahaulika motoni.

Aliyenielewesha ni fundi wa pili, mama mmoja mwenye leseni ya EWURA, aliyekaa chini akanichorea kwenye kipande cha boksi. Koili za tanuru kama langu zimegawanywa makundi matatu. Kila kundi linaanzia kwenye fezi yake, na yote yanakutana kwenye nyutro. Umeme wa fezi tatu unakuja kwa kupishana, kwa hiyo mikondo ikikutana pale inafutana, nyutro inabaki karibu haina mzigo. Ndiyo maana mle ndani kulikuwa na waya mwembamba. Ukizifanya fezi kuwa moja, hakuna tena kinachofutana. Ampia 12 za kila kundi zinajumlishwa, na zote 36 zinarudi kupitia waya ule ule mwembamba.

Baada ya hapo tulipima ukinzani wa koili kwa maltimita (kipimo cha umeme), umeme umechomolewa na kila kundi limefunguliwa peke yake. Likiwa jipya, kundi la kilowati 3 kwenye volti 240 (zile 415 za kibati ni kati ya fezi na fezi, 240 ni kati ya fezi na nyutro) lisome omu 19 hivi. Mawili yalisoma 20, la tatu 24. Koili ikizeeka ukinzani wake hupanda na joto hupungua, basi lile la tatu tukalivisha koili mpya za Kanthal, waya maalumu wa matanuru. Kama lako linasoma karibu omu 57, jua limefungwa fezi kwa fezi, yaani kila kundi linategemea volti 415, na nyumbani litatoa chini ya theluthi ya nguvu yake. Hapo kuunganisha nyaya hakusaidii kitu. Ni kununua koili zote upya, au kuomba fezi tatu TANESCO.

Marekebisho yenyewe hayakuchukua siku mbili. Nyutro ya ndani ilibadilishwa yote kwa waya mnene unaostahimili joto. Kutoka kwenye DB (sanduku la breka) tulivuta kebo ya milimita za mraba 10 hadi kwenye tanuru, na breka yake ya ampia 50, haina soketi yoyote njiani. Waya wa ethi ulifungwa kwenye bodi la chuma na kupimwa. Hapo kwenye ethi usikubali mtu akuambie baadaye, maana mikono ya mfinyanzi ina maji muda wote. Tanuru likiwaka, kwangu hita ya maji na pasi haziguswi.

Bado kuna umeme wa jioni. Kwangu saa mbili usiku maltimita imewahi kusoma volti 205, na hapo zaidi ya robo ya nguvu ya kibati imeshapotea. Nyuzi 1,000 za uchomaji wa kwanza zinafikiwa kwa kuchelewa. Za uchomaji wa pili, nyuzi 1,220, tanuru liliwahi kugoma kwenye 1,150 usiku kucha. Siku hizi nalianza saa nne usiku, watu wakishamaliza kupika na kupiga pasi.

Uchomaji wa kwanza unakula yuniti 45 hivi, kwa hiyo natazama LUKU kabla ya kuwasha. Na umeme ukikatika katikati, nashusha breka palepale kabla sijafanya lolote. Tanuru la zamani halikumbuki kama lilizimika. Umeme ukirudi alfajiri litaendelea kupanda kama kawaida, na wewe umelala.