Kwa nini Zanzibar ina sheria yake ya mafuta na Mtwara haina?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni fundi wa boti hapa Mikindani. Gesi inasafishwa kwetu Madimba halafu inakwenda Dar es Salaam kwa bomba, na maamuzi yote yanafanyika huko juu. Wenzetu Zanzibar wana sheria yao ya mafuta na gesi, na hata kisima kinachotoa hawana. Je, Zanzibar ni nchi? Na kama si nchi, kwa nini Mtwara tusipewe sheria kama ile?

JIBU: Marahaba, fundi. Hilo la kwanza limevunja baraza nyingi za kahawa, maana kila upande una katiba ya kushika mkononi. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano ya 1977 inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba ya Zanzibar ya 1984, tangu ilipobadilishwa mwaka 2010, inasema Zanzibar ni nchi, tena ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano.

Neno lenyewe ndilo linalotuchanganya. Sisi wanasheria tukitaka kueleweka tunasema dola: chenye kauli ya mwisho, kisicho na mkubwa juu yake. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ililikuta suala hilo katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, walioshitakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mahakama ikasema uhaini hutendwa dhidi ya dola, na Zanzibar si dola, kwa hiyo kosa hilo haliwezi kutendwa dhidi yake. Hata mpira umepita njia hiyo: Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, Julai ikaitoa, kwa hoja kwamba si nchi inayojitegemea.

Basi ni nchi isiyo dola. Ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi na Mahakama Kuu yake. Mamlaka hayo haikupewa na mtu. Ilikuja nayo tarehe 26 Aprili 1964, ikakabidhi mambo 11 kwa Muungano, mengine ikabaki nayo. Leo orodha ya mambo ya Muungano ina mambo 22, na hapo ndipo malalamiko ya Wazanzibari yanapoanzia.

Mtwara haikuja na kitu mezani. Mkoa ni mgawanyo wa kiutawala. Ibara ya 2 ya Katiba ya Muungano inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa utaratibu wa sheria. Mzee wa Nachingwea aliyezaliwa Jimbo la Kusini aliamka siku moja yumo Mkoa wa Mtwara, na mwaka 1971 akawa mtu wa Lindi, hajahamisha hata kitanda. Kilichochorwa namna hiyo hakiwezi kudai kwamba kilibakiza mamlaka.

Ila usiitamani sana sheria ya Zanzibar. Mafuta na gesi asilia viliingizwa kwenye orodha ya Muungano mwaka 1968 na bado vimo, kipengele cha 15. Sheria ya Petroli ya 2015 ndiyo iliyoiachia Zanzibar isimamie na ibaki na mapato yake, nayo ikatunga ya kwake mwaka 2016. Katiba haikuguswa. Kwa maoni yangu hiyo ni nyumba iliyoezekwa kabla ya kuta kukauka, kwa sababu sheria ikigongana na katiba, sheria ndiyo inayokufa. Kukiondoa kipengele hicho kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake.

Chenu ni kidogo, lakini kimeandikwa. Halmashauri inatoza ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo ya kampuni. Na sheria hiyohiyo ya 2015 inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii, akubaliane na halmashauri husika. Kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi. Nenda ukakae viti vya nyuma, usikilize kama mpango huo unatajwa. Usipotajwa, mngoje diwani wako mlangoni, umwombe nakala ya mwaka huu.