P900 au FZ300: Usitume Arbuni Kabla ya Kusoma Uso wa Lenzi

Usitume hiyo arbuni. Muuzaji akikupigia simu na kukueleza kwamba kuna mteja mwingine anayeitaka kamera hiyo hiyo jioni ya leo, mwache amuuzie, kwa maana mteja huyo yuko katika kila duka la mji huu na hakuna mtu aliyewahi kumwona.

Umeuliza uchague kati ya Nikon P900 na Panasonic FZ300, zote mbili zikiwa zimeshatumika, ili uwapige picha alfajiri wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi na ndege wa msitu wa Karura, kisha ukauliza kuhusu kadi ya kumbukumbu, mkoba wa kubebea, na video ya harusi ya dada yako mwezi wa Agosti. Ukamalizia kwa kusema kwamba umekwisha kuegemea P900, kwa sababu zumu yake ni ya 83X na ya ile nyingine ni ya 24X tu. Sentensi hiyo niliwahi kuitamka mimi mwenyewe mlangoni mwa duka moja la katikati ya mji, pesa zikiwa tayari kwenye simu, na ndiyo iliyonikosesha usingizi hata nikaamka kukuandikia.

Ilikuwa Februari, saa saba mchana, jua likiwa la utosini na mbingu haina wingu. Muuzaji alinitoa nje, akaielekeza P900 kwenye jengo la KICC, akavuta zumu mpaka madirisha ya ghorofa za juu yakajaa kwenye kioo, kisha akanyamaza na kunitazama, akijua kwamba kazi yake imekwisha. Usiku ule nikatazama video ya mjuzi mmoja wa mtandaoni akiuvuta mwezi mpaka mashimo yake yakahesabika, na kesho yake nikalipa. Ili kufikia bei niliuza kamera yangu ya zamani ya lenzi za kubadilisha pamoja na lenzi yake ya milimita 55 hadi 250, na hapo ndipo hasara yenyewe ilipokaa, kwa sababu kile nilichouza kilikuwa na kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, chenye eneo linalozidi mara kumi lile la kamera niliyonunua. Hakuna aliyenitajia jambo hilo, na kusema kweli sikuuliza, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye 83X.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba wala muuzaji wala yule mjuzi hakusema uongo hata kidogo. Walichofanya ni kuchagua kitu cha kuelekezea kamera. Jengo la mchana wa Februari halisogei na limejaa mwanga. Mwezi nao, ingawa unaonekana usiku, ni mwamba unaopigwa na jua kamili: kanuni ya zamani ya wapiga picha inakuambia kwamba kwa f/11 (f ni kipimo cha tundu la lenzi linaloingiza mwanga: namba ikikua, tundu hupungua) na ISO 100 (wepesi wa kihisi kuupokea mwanga) unaweza kuupiga kwa kasi ya shata ya takriban 1/100 ya sekunde, na hiyo ni kazi ambayo hata kihisi kidogo huifanya bila kutokwa jasho. Mtu anayekuonyesha mwezi ili akuuzie kamera ya kupiga simba amekuonyesha jambo la kweli lisilokuhusu. Picha za mwezi ninazo tele. Mwaka wowote mkibishana kama umeandama au haujaandama, niulizeni mimi.

Kisha ikaja Julai. Wewe ni mtu wa Nairobi, kwa hiyo unajua kwamba kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulala juu ya mji huu siku nzima na baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Niliingia mbugani lango lilipofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na bahati ikanipenda kupita kiasi: simba jike alikuwa amekaa karibu na barabara, akitazama upande wetu. Niliposogeza zumu mpaka mwisho, kamera ikapandisha ISO hadi 3200 ili ipate shata ya kutosha, na nyumbani nilipoifungua picha kwenye kompyuta nikakuta umbo la simba lisilo na unywele hata mmoja, kwa kuwa kamera ilikuwa imepangusa chembechembe za kelele (madoadoa yanayoletwa na ISO ya juu) na manyoya kwa pamoja. Nilitaka niisafishe picha mwenyewe, nikagundua kwamba P900 haihifadhi faili ghafi kabisa, yaani picha kabla kamera haijaichakata. Inakupa JPEG, na kilichokwisha kupanguswa hakirudi.

Nikajiambia kwamba basi nitangoja jua lipande. Lilipopanda, mnamo saa nne, ardhi ya nyika ile ikapata joto, hewa ikaanza kucheza, na kongoni waliokuwa mbali wakaonekana wakitetemeka miguu kwa ajili ya mazigazi. Zumu haipunguzi hewa iliyopo kati yako na mnyama. Inaikuza pamoja naye. Kwa hiyo alfajiri nilikuwa na mnyama bila mwanga, na mchana nikawa na mwanga bila hewa tulivu, na zile milimita 2000 nilizozilipia (mwisho wa zumu kwa kipimo cha kulinganishia kamera, si urefu halisi wa lenzi) zikabaki na kipindi kifupi cha asubuhi cha kutumika vizuri, tena katika siku zisizo na mawingu.

Sasa sikiliza hesabu yenyewe, kwa sababu ndiyo ambayo muuzaji hatakufanyia. Kamera hizi mbili, zote za mwaka 2015, zina vihisi vya ukubwa mmoja, kile kiitwacho 1/2.3, ambacho ni takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Hakuna iliyomzidi mwenzake kwa kihisi, na hivyo gizani kinachozitenganisha ni tundu la lenzi. Usoni mwa lenzi ya P900 pameandikwa 4.3–357mm 1:2.8–6.5, na usoni mwa FZ300 pameandikwa 1:2.8 kisha 4.5–108. Maana yake ni kwamba P900 huanza na f/2.8 lakini ukifika mwisho wa zumu inakuwa f/6.5, ilhali FZ300 hubaki f/2.8 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tofauti ya f/6.5 na f/2.8 ni zaidi ya mara tano ya mwanga. Kwa shata ya karibu 1/500, jua kali litakuruhusu ISO 100 hata kwa f/6.5, mawingu mazito ya Julai yatakudai 800, alfajiri au chini ya miti ya Karura itakudai 3200 au zaidi. Gawanya namba hizo kwa tano uone FZ300 ingekuwa wapi: palipohitaji 3200 pangehitaji kitu kama 640. Katika kihisi kidogo namna hiyo, huo ndio mpaka kati ya manyoya na uji. Kumpiga mbega juu ya mti wa Karura kwa f/6.5 ni sawa na kutazama harusi kupitia tundu la ufunguo: unajua kwamba bibi harusi yuko ndani, ila huwezi kueleza gauni lake.

Wala usidhani kwamba watengenezaji walifanya uzembe. Kipenyo cha tundu ni urefu halisi wa fokasi ya lenzi (zile milimita zilizoandikwa usoni mwake) uliogawanywa kwa f, kwa hiyo milimita 357 kwa f/2.8 ingehitaji tundu la milimita 127 hivi, na kamera hiyo ungeibeba kwa mkokoteni. Waliandika f/6.5 waziwazi, mbele kabisa, mahali ambapo kila mnunuzi huitazama akijiona sura yake kwenye kioo. Mimi nilijitazama sura.

Watakuja watu wa P900 hapa chini kunisulubisha, na nawapa haki yao mapema. Kwa ndege mdogo aliyekaa wazi juani asubuhi, usiyeweza kumkaribia, P900 inaishinda FZ300 bila ubishi, kwa sababu FZ300 inaishia milimita 600 kwa kipimo kile kile cha kulinganishia, na ukiikata picha yake ya megapikseli 12 ili ifikie 2000 unabaki na takriban megapikseli moja. Kama ungekuwa unaishi Lamu na unapiga majahazi na ndege wa ufukweni kwenye jua, ningekuambia uichukue na usingenisikia tena. Lakini umesema Karura, umesema alfajiri, na umesema Agosti. Mbugani magari hayaruhusiwi kuacha barabara, hilo ni kweli, ila wanyama wenyewe huzikaribia barabara hizo mara nyingi kuliko unavyofikiri, na mnyama aliye karibu kwa f/2.8 hunipendeza kuliko aliye mbali kwa f/6.5. Kuhusu harusi, kanisani ni kiza vilevile, na FZ300 ina tundu la kuchomekea maikrofoni na video ya 4K, vitu ambavyo P900 haina. Sitaongeza neno hapo.

Kanuni ninayokuachia ni hii: soma namba ya f ya mwisho wa zumu kabla ya kusoma idadi ya X, na usilipe mpaka uione ikifanya kazi kwenye mwanga wako mwenyewe. Nenda dukani saa kumi na mbili jioni, au siku ya mawingu. Usikubali kutolewa nje. Simama ndani, vuta zumu mpaka mwisho, elekeza kwenye kitu chenye nyuzi nyembamba, kama sweta ya mtu aliyekaa mwisho wa duka au brashi iliyotundikwa ukutani, upige kwa mkono, kisha uitazame picha hiyo kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili na si kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, ambacho humpendeza kila mtu. Fanya hivyo kwa kamera zote mbili, kutoka mahali pamoja. Muuzaji akikataa, au akianza kukueleza habari za mwezi, mshukuru na uondoke.

Na kama ulishatuma arbuni kabla ya kusoma haya, rudi leo umwombe akubadilishie, kabla kamera haijatoka mikononi mwake. Mimi nilichelewa. Niliporudi kwa yule wangu alikubali kuinunua tena kwa nusu ya bei, akinieleza kwa uso mkavu kabisa kwamba kamera za aina hii siku hizi hazina soko.