Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mtoto akiwa na ugonjwa wa tumbo wa muda mrefu, nani aache kazi, baba au mama?" Naona mara nyingi anayeacha kazi huiacha mapema mno, na kinachomwachisha si ugonjwa. Ni kwamba nyumba nzima yeye peke yake ndiye anayejua kumhudumia mtoto.

Nichukue ugonjwa mmoja tusije tukaongelea hewani: Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa watoto wa Copenhagen, Denmark, aliyeueleza mwaka 1886. Huzaliwa nao mtoto mmoja kati ya 5,000 hivi, wavulana wakiwa wengi zaidi. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inakosa seli za neva, kwa hiyo imekaza muda wote na hailegei kupitisha choo. Choo kinarundikana juu yake, tumbo linavimba. Dalili ya kwanza ni mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kupitisha saa 48 bila kutoa kile choo cheusi cha mwanzo. Hapo ndipo wiki hupotea, maana atatokea mtu wa kusema ni mchango, na dawa ya mizizi itapitishwa kwa chini. Utumbo uliovimba hivyo unaweza kutoboka. Uthibitisho ni kinyama kidogo kinachokatwa kwenye puru na kupimwa kwa darubini. Wala si maziwa ya mama, wala si laana ya upande wowote wa ukoo.

Matibabu ni upasuaji: sehemu isiyo na neva inaondolewa na utumbo wenye afya unavutwa chini kuunganishwa karibu na njia ya haja. Wakati wa kuusubiri upasuaji huo, mzazi ama anaosha utumbo wa mtoto nyumbani, ama mtoto anatolewa kolostomi, yaani utumbo unafunguliwa tumboni ili choo kipitie hapo.

Kuosha utumbo hufundishwa wodini, na msikubali ruhusa kabla watu wawili hawajafanya kwa mikono yao mbele ya muuguzi. Kuangalia tu hakutoshi. Mpira laini uliopakwa mafuta ya kulainisha unaingizwa polepole mpaka pale mlipoonyeshwa, ukigoma, usisukume. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanaingizwa kwa bomba la sindano, mililita 10 hadi 20 kwa mkupuo, kisha bomba linatolewa ili maji na choo virudi vyenyewe kupitia mpira. Rudia mpaka yatoke meupe, bila kuzidi kiasi cha jumla mlichopangiwa kwa uzito wa mtoto. Kinachotoka kipimwe: kama maji mengi yameingia na hayarudi, simama, mpigie simu muuguzi. Maji matupu yasiyo na chumvi ni hatari, kwa sababu utumbo unayanyonya, chumvi ya damu inashuka na mtoto anaweza kupata degedege. Kama hakuna dripu ya chumvi, kipimo ni gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, sawa na kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa. Zoezi zima ni dakika 30 hadi 45. Ukifanya mara mbili kwa siku ni saa moja hadi saa moja na nusu. Saa hizo zinagawanyika: mmoja alfajiri kabla ya kwenda kazini, mwingine jioni. Zinaishinda ajira pale tu mfanyaji anapokuwa mmoja.

Kolostomi inakula saa kwa namna nyingine. Mfuko ukikatwa tundu kubwa mno, choo kinagusa ngozi, ngozi inachubuka, gundi haishiki, mfuko unavuja, na mifuko ya wiki inakwisha kwa siku mbili. Pima tundu lizidi ukingo wa utumbo kwa milimita 2 au 3 tu, na upime tena kila baada ya muda kwa sababu utumbo hunywea baada ya upasuaji. Ngozi ikauke kabisa kabla ya kubandika, na usipake mafuta chini ya gundi. Mwaga mfuko ukifika theluthi. Sera ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, lakini nauli na nepi hutoka mfukoni kwenu, na mifuko nayo mara nyingi. Wasio na mifuko hutumia vitambaa laini vya pamba vilivyofungwa kwa kipande cha kanga kiunoni. Hapo ndipo krimu ya zinki au Vaseline ina kazi. Panga vitambaa visivyopungua 12, maana siku ya mvua havikauki.

Kwa mama ntilie hili ni gumu kuliko kwa mwalimu, tusidanganyane. Mteja akimwona anabadilisha kitambaa kisha anarudi kwenye sufuria, hata kama amenawa kwa sabuni, kesho haji. Mtoto akae na mtu mwingine saa za mauzo, na mtu huyo awe amefundishwa. Dada wa kazi anafundishika kwa siku tatu nne. Anachotakiwa kukariri ni rangi: utumbo mwekundu kama ndani ya mdomo ni salama, ukiwa wa zambarau au mweusi, hospitali saa hiyohiyo.

Sasa kosa kubwa la mipango. Wazazi wanamaliza likizo na akiba kabla ya upasuaji wa kuvuta utumbo, wakidhani ukishafanyika mambo yamekwisha. Wiki zinazofuata ndizo nzito kuliko zote. Mtoto anaweza kutoa choo mara 10 kwa siku au zaidi, na ngozi ya makalio haijawahi kuguswa na choo cha namna hiyo. Osha kwa maji, usifute kwa kusugua, kausha kwa kugusa, paka krimu ya zinki nene kila mara, na isafishe kijuujuu tu bila kuikwangua yote. Wiki 2 au 3 baada ya upasuaji, daktari akiona imefaa, huanza upanuzi wa njia ya haja kwa vyuma vya kipimo, mara nyingi kila siku nyumbani, na saizi inapanda taratibu kwa miezi. Ukiacha kwa sababu mtoto analia, kovu linajibana na choo kinaanza kuziba upya.

Kwa mwajiriwa wa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatoa likizo ya mwaka siku 28, na siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa wa mtoto ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 4 hizo ni chache mno, zitunzwe kwa dharura. Zile 28 ziombwe zianze siku ya kulazwa kwa upasuaji huo, na mwenzako achukue zake zako zinapokwisha. Omba daktari aandike barua yenye ratiba ya kliniki ya miezi mitatu. Bosi anayejua tarehe mapema hukuruhusu kwa urahisi kuliko anayepigiwa simu asubuhi.

Dharura yenyewe ni maambukizi ya utumbo, na yanaweza kuja kabla ya upasuaji au hata mwaka mmoja, miwili baada yake: tumbo linajaa ghafla, choo kinachuruzika kwa nguvu na kunuka vibaya, homa, kutapika, mtoto analegea. Watu wengi huona ni kuhara kwa kawaida, wanampa ORS na kusubiri kukuche. Usiku mmoja unatosha kumuua. Weka begi tayari lenye daftari la matibabu, mpira, nepi na nauli ya usiku, na wote wawili mjue jina la ugonjwa, maana daktari wa zamu wa kituo cha karibu huenda hajauona.

Akifika umri wa shule, wengine hubaki wakijichafua. Mkalishe chooni dakika 5 hadi 10, nusu saa baada ya kunywa chai ya asubuhi, maana utumbo huamka baada ya kula. Mwalimu mmoja ajue, sare ya akiba iwe kwenye begi, na mtoto aruhusiwe kutoka bila kunyoosha mkono mbele ya darasa.

Muuguzi, wodi ya upasuaji wa watoto