Jirani anatapisha choo kila mvua ikinyesha: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umesema jirani yako anafungulia choo kila mvua kubwa ikinyesha, majitaka ya shimo yaende na maji ya mvua, mwenyekiti wa mtaa umemfuata mara mbili anakuzungusha tu, na sasa unataka uende usiku ukazibe bomba lake kwa zege. Naomba hilo karai uliweke chini kwanza. Mimi nimekaa na shida hiyo misimu miwili ya mvua, masika ya 2023 na vuli iliyofuata, na hamu ya zege nilikuwa nayo kukuzidi. Jamaa yangu mmoja alifanya hivyo. Majitaka yakarudi yalikotoka, yakaibukia kwenye choo cha wapangaji, na aliyeitwa kujieleza kwa kuharibu mali ya mtu ni yeye.

Kwetu ni bondeni, si mbali na Mto Msimbazi. Bomba la majitaka la umma halijafika, kama ilivyo sehemu kubwa ya Dar, kila nyumba na shimo lake, na ukichimba kidogo tu unakuta maji. Nyumba ya nyuma yangu imekaa juu kidogo. Ina vyumba kumi na kimoja na shimo moja. Mwenye nyumba ni mzee mstaarabu kabisa, msibani ndiye wa kwanza kufika.

Usiku mmoja wa Aprili 2023 mvua ilianza kama saa nane. Saa tisa nikaamka kuangalia kama maji yanaingia jikoni, nikachungulia dirishani, nikaona mwanga wa simu chini ya mwavuli. Pale kwenye msingi wa ile nyumba kuna bomba la inchi nne linalotokea shimoni. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa gunia lililokazwa na mpira wa baiskeli. Mwavuli ukainama, mpira ukafunguliwa. Ile sauti mpaka leo ninayo, kama mtu mnene anasukutua mdomo. Asubuhi ndala za wanangu zilikuwa zimeelea hadi mlango wa jikoni, na kilichokuwa ndani ya ndala moja sikitaji, maana wengine hapa mnasoma huku mnakula.

Saa moja asubuhi nakutana na mzee njiani, anakwenda kununua maandazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Mvua ya jana kali, eeh?"

Nikajibu, "Kali kweli mzee." Basi. Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza. Kwa miezi saba nilinuna badala ya kusema, na vuli ilipokuja na zile mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, nikasema yote kwa siku moja, juu ya ukuta, mbele ya wapangaji wake. Ukimtukana mtu mzima mbele ya watu wanaomlipa kodi, hata kama ana kosa, usitegemee atalikiri.

Nikaenda kituo cha polisi. Walinisikiliza vizuri, kisha wakaniuliza kama nina barua ya serikali ya mtaa. Sikuwa nayo.

Sasa hapa kwenye serikali ya mtaa ndipo nataka unisome polepole, maana wengi tunawachanganya watu wawili. Mwenyekiti tunamchagua sisi. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa, analipwa mshahara, na ana mkubwa wake, mtendaji wa kata. Wewe umemfuata mwenyekiti mara mbili. Hata mimi nilimfuata. Alikuja na buti zake, akakanyaga kanyaga yale matope, akasema, "Haya ni maji ya mvua tu, ndugu yangu." Nilikasirika sana siku ile. Baadaye nikapiga hesabu: ile nyumba ina vyumba kumi na kimoja, vingine vina watu wazima wawili, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 2024. Kwangu kuna kura mbili. Ningekuwa mimi mwenyekiti labda nami ningeona maji ya mvua.

Kwa hiyo nikahamia kwa mtendaji, tena kwa barua. Maneno ya mdomo ofisi hizi hayabaki hata hadi jioni. Niliandika ukurasa mmoja: tarehe tatu ambazo choo kilifunguliwa, saa, bomba liko wapi, watoto wangapi wanacheza pale chini. Matusi sikuweka, ingawa rasimu ya kwanza ilikuwa nayo. Chini nikaandika nakala kwa mtendaji wa kata na kwa afisa afya wa kata. Nikatoa kopi nne. Ya nne ni yangu, na hiyo ndiyo kopi muhimu kuliko zote, kwa sababu ndiyo unayogongewa mhuri wa kupokelewa na tarehe.

Kuupata huo mhuri kulinichukua siku tatu. Siku ya kwanza mtendaji alikuwa kikaoni wilayani. Nikakaa kwenye benchi na mama mmoja anayetaka barua ya utambulisho ya mwanawe, ya kuombea kitambulisho cha taifa cha NIDA, na kijana anayetaka barua ya kumdhamini nduguye. Siku ya pili mtendaji yupo, mhuri umefungiwa kabatini, na ufunguo ameondoka nao mtu mwingine. Siku ya tatu mhuri upo mezani kabisa, naona na wino wake, lakini binti wa pale akaniambia kuna elfu tano ya mhuri. Nikamwambia sina neno, nitalipa, aniandikie risiti. Akanitazama kama sekunde tano hivi. Akachukua karatasi, akagonga mhuri, akaandika tarehe, akanirudishia bila kusema kitu. Sikumwona kama mtu mbaya. Pale hapakuwa hata na feni, na karatasi za kuchapia nasikia wananunua wenyewe. Ila risiti iombe, tena kwa upole. Ukiiomba kwa kelele mhuri unarudi kabatini.

Nakala ya bwana afya usiiache pale ukitegemea wataipeleka wao. Ipeleke kwa mkono wako. Nasema bwana afya kwa mazoea, wa kwetu alikuwa mwanamke, bibi afya, na katika safari nzima ndiye pekee aliyefanya kazi yake bila kunizungusha. Watu wengi hawajui kwamba kesi ya majitaka kutiririka ni ya kwake kuliko ya mwenyekiti. Ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na halmashauri zina sheria ndogo zake za usafi. Anaweza kuingia kukagua na kumpa mtu notisi. Wale tunaokumbuka kipindupindu cha 2015, kilipoanzia Kinondoni mwezi Agosti, tunajua maofisa afya wakiamua kutembea nyumba kwa nyumba wanatembea kweli.

Mimi nilimpelekea video. Akaitazama nusu, akanirudishia simu. "Hii inaonyesha maji na giza," akasema. "Wewe nionyeshe bomba." Akaja Februari, juani, kukiwa kukavu, jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Wakati wa mvua kila kitu ni maji, huwezi kumshika mtu. Kiangazi bomba linabaki limetokeza ukutani na gunia lake mdomoni, halina cha kusingizia. Alipiga picha, akaandika, akampa mzee notisi ya siku kumi na nne: azibe bomba na avute shimo. Mimi nimesimama pembeni, mikono nyuma, furaha tupu.

Mzee akaisoma ile karatasi, akavua miwani. Akamwambia bibi afya kwamba gari la majitaka amewahi kuliita zaidi ya mara moja. Linafika barabarani, mpira wao haufiki shimoni, utingo anadai hela ya kufika kisha wanaondoka. "Zamani gari lilikuwa linaingia hadi pale," akasema, akanyoosha kidole.

Kidole kikawa kimeelekea kwenye ukuta wangu.

Bibi afya akaniuliza kama nina karatasi ya mauziano ya kiwanja. Ninayo, na nilikuwa naiona kuwa silaha yangu. Nilinunua 2016, ikaandikwa mbele ya mashahidi wa serikali ya mtaa, na nikatoa ile asilimia yao ya mauziano ambayo hadi leo hakuna aliyenionyesha imeandikwa wapi. Nikaingia ndani nikaileta. Akaisoma kwa sauti, mbele ya mzee na wapangaji wawili waliokuwa wanafua: mashariki imepakana na fulani, kusini na fulani, magharibi imepakana na njia.

Njia! Mimi mwenyewe nilisaini. Nilipojenga ukuta 2018 fundi aliniuliza tufuate wapi, nikamwambia fuata mstari wa jirani wa mbele, naye alikuwa ameshaingia njiani hatua mbili. Tukanyoosha kamba. Wa tatu akafuata kamba yetu. Uchochoro uliokuwa unapitisha gari ukabaki wa kupitisha toroli, tena kwa kupinda.

Bibi afya hakunicheka. Alinieleza tu kwamba suala la njia si lake, ni mgogoro wa ardhi. Mzee angeweza kwenda Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ibadilishwe 2021 halitoi hukumu tena, kazi yake ni kusuluhisha, na siku thelathini zikipita bila suluhu mtu yuko huru kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kule, mkuu, ukiingia na kesi mtoto wako yuko chekechea, ujiandae kuifuata hadi ajue kusoma hukumu mwenyewe. "Au," akasema, "mkae hapa chini ya mwembe mnywe maji."

Tukakaa. Kikao kilikuwa kirefu, sitakieleza chote. Kubomoa ukuta mzima sikuwa tayari, na majirani wawili wengine nao wangeulizwa. Tukakubaliana nivunje kipande niweke kigeti upande ule, gari lisimame mwisho wa uchochoro, mpira upite uani kwangu hadi shimoni kwake. Fundi na kigeti vilinitoka laki tatu na themanini. Mzee akaahidi kuziba bomba na kulipia gari.

Kidogo mambo yakwamie kwenye hela ya gari, maana mzee alitaka wapangaji wachangie kwa chumba. Wakagoma. Dada mmoja wa pale, fundi cherehani, akasimama na simu yake mkononi akasoma meseji ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, mbele ya wote. Kila mwezi akinunua umeme anakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Ilianza na 1,000 mwaka 2021, ikapanda 2023, na jengo si lake. "Kodi ya jengo lake tunamlipia kwenye umeme, na choo chake tukamlipie?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu kwa sheria ile kodi ni ya mwenye nyumba, ni mita tu ndiyo inayomkata anayenunua umeme. Ikabidi mzee aanze kuwarudishia ile 1,500 kwenye kodi ya chumba, nao wachangie gari. Kwenye mtaa mzima sijaona mkataba mwingine ulioandikwa vizuri kama ule. Uko nyuma ya kalenda, umesainiwa na watu tisa.

Siku ya kwanza gari kuja ilikuwa kabla masika ya 2024 hayajachanganya. Utingo aliburuta mpira katikati ya uani wangu, ukapita karibu na jiko la mkaa ambalo mke wangu alikuwa amebandika maharage. Akayaepua bila kusema neno, akaniangalia tu. Ule mpira unatetemeka kama chatu aliyemeza kitu, na kwenye kila kiungo unavuja kidogo. Harufu ilikaa siku mbili. Mei ile, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogelea pwani na mvua zikarudi upya, nililala macho dirishani. Bomba lilikuwa limezibwa kwa saruji, kwa mkono wake mwenyewe. Maji yaliingia jikoni kama kawaida, lakini yalikuwa maji ya mvua kweli, ya rangi ya udongo. Niliyanusa.

Kwa hiyo kwako wewe, kabla ya mvua zijazo: andika barua, gongesha kopi yako, mpeleke bwana afya wakati wa jua. Na kabla hujampeleka, toa karatasi yako ya mauziano uisome mipaka ukiwa peke yako chumbani. Pia muulize jirani yako gari linaingilia wapi. Inawezekana yeye ni mkorofi tu, wapo. Wangu tatizo lake lilikuwa mimi, nusu kwa nusu.

Usidhani sasa tunapendana. Kigeti nimekiwekea kufuli, mzee anataka ufunguo wake, nimekataa, na juzi amempelekea mwenyekiti malalamiko kwamba nazuia njia. Na mwezi uliopita, nipo kazini, nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Binti wa ofisi ya mtaa. Barua yangu ya malalamiko imeonekana kwenye faili, inafanyiwa kazi, niende na kopi ya kitambulisho. Nikamuuliza ni barua ipi.

"Ya choo," akasema. "Ya 2023."