Barua zenu: Kapaka kamefika nyumbani, sasa tufanye nini?

Tangu tuseme kwamba ukurasa huu utajibu na maswali ya wanyama wa nyumbani, barua za paka ndizo zimejaa, zimepita hata za kuku. Naelewa kabisa. Goma, Bukavu, Lubumbashi, kote panya wanatusumbua, mtu akisikia paka wa jirani amezaa anaomba kamoja, anakabeba ndani ya kartoni, akifika nyumbani ndio maswali yanaanza. Hizi ni chache kati ya zilizofika.

Jambo Dada. Jirani alinipa kapaka, bado kalikuwa kananyonya lakini akasema nichukue tu juu mama yake anamsumbua. Usiku mzima kanalia, watoto hawalali, mchana kanajificha chini ya kitanda. Nakapa maziwa ya ng'ombe na sasa kanaharisha. Nifanye nini? (Mama wa Ndosho, Goma)

Mama, kama mama paka bado yuko pale kwa jirani, rudisha kapaka hata leo, omba wakae naye mpaka kafikishe angalau wiki 8, na 12 ni bora zaidi. Siyo kwa sababu ya maziwa peke yake. Ni pale kwa mama na ndugu zake kanajifunza kutouma kwa nguvu, kutumia mchanga, kutoogopa kila kitu, na ukikakata mapema hayo yote utabaki nayo wewe.

Kama hakuna njia ya kurudisha, basi simamisha maziwa ya ng'ombe, maana tumbo la paka mara nyingi halichukui sukari iliyo ndani yake na ndio unaona kuharisha. Kama tayari kanajua kula, weka maji safi na chakula laini, inatosha. Kama ni kadogo sana, chini ya wiki 4, hakajui kula, hapo kanahitaji maziwa ya unga ya tupaka, uliza kwa veterinere, na unakanyonyesha kila saa chache mchana na usiku, kakiwa kamelala kwa tumbo, usikalaze chali kama mtoto wa mtu maana maziwa yataingia kwenye mapafu. Kila baada ya kunyonya unapangusa huko nyuma na kitambaa chenye maji ya vuguvugu ili kakojoe, mama yake anafanya hivyo kwa ulimi. Kuharisha kukiendelea zaidi ya siku moja, au ukiona damu, au kamekataa kula, usingoje, mwili mdogo vile unaisha maji haraka. Inawezekana pia ni minyoo, tupaka twingi tunaipata kwenye maziwa ya mama tukinyonya, dawa inaanza kupewa kwenye wiki ya 3 na kurudiwa kila wiki mbili, lakini kipimo kinaenda na kilo kwa hiyo mwache veterinere apime. Na nawaomba wote wanaosoma hapa, msimpe paka parasetamoli kamwe. Hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua, ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa.

Kulia usiku: kana baridi na kamezoea kulala kamebanana na wenzake. Goma iko juu, karibu metre 1.500, na kwenye nyumba ya mbao usiku baridi inapita kila tundu. Chukua kartoni, tandika sweta la zamani, jaza chupa ya plastiki maji ya moto kiasi, ifunge vizuri na kitambaa, ilaze pembeni yake huku ukiacha nafasi ya kuisogelea na kuitoka. Usikalaze karibu na babula, lile jiko la makala. Makala yanachoma, na hewa yake usiku ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa kapaka na kwa watoto wako vilevile. Kabla ya kulala cheza nako kidogo mpaka kachoke, halafu ukapatie chakula, halafu kalale. Chini ya kitanda ukaache, usikavute na mguu, kaa tu pale chini na samaki kidogo mkononi, kesho au kesho kutwa katatoka kenyewe na siku hiyo urafiki umeanza.

Dada, baba mkwe anasema paka ukimlisha hatakamata panya, tumuache na njaa. Sisi tunampa bugali na mchuzi uliobaki. Ni vibaya? (Kijana wa Kadutu, Bukavu)

Salamu kwa baba mkwe, na umwambie kwa heshima kwamba paka mwenye shibe anawinda pia, ni damu yake, hata wale wanaokula vizuri wanaleta panya mlangoni. Kapaka kenye njaa hakana nguvu ya kukimbiza panya mkubwa wa Kadutu. Kataiba kwenye sufuria yenu, au katahama, au katakula panya aliyekula sumu kwa jirani na kufa pia. Hapo ndipo nataka msisitizo: sumu ya panya na paka haviendi pamoja ndani ya parsele moja. Sumu nyingi zinazouzwa sokoni zinafanya damu isigande, panya hafi palepale, anatembea siku kadhaa, na paka anayemkamata anaila naye. Chagueni kimoja, na muongee na majirani pia.

Bugali na mchuzi siyo chakula cha paka. Paka ni mla nyama wa kweli, mwili wake unahitaji taurini, kitu kinachopatikana kwenye nyama na samaki, akikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unachoka. Bahati nzuri sisi wa Kivu tuna sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Zichemshe bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, maana vitunguu vinaharibu damu ya paka hata vikiwa vimepikwa, na ndio maana mchuzi uliobaki siupendi hata kidogo. Zile za kukauka ziloweke kwanza zitoke chumvi. Usimpe mbichi kila siku, kuna samaki ambao wakiwa wabichi wanaharibu vitamini B1, moto unamaliza hiyo shida. Moyo wa ng'ombe, mapafu, vipande ambavyo mchinjaji anauza bei ndogo, yai la kuchemsha, vyote vizuri. Maini kidogo tu, siyo kila siku. Bugali kidogo kuchanganya na samaki sitakukataza, lakini samaki ndio wawe wengi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka na kuchoma utumbo. Chini ya miezi 6 mpe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, tumbo lake ni dogo.

Kapaka ketu kanakojoa nyuma ya fotei na kwenye nguo. Bwana yangu anakachukua, anakasugua pua pale halafu anakachapa. Kameanza kumkimbia lakini kukojoa hakajaacha. Pia kanauma mikono ya watoto. (Mama wa Himbi, Goma)

Mama, hii barua imeniumiza, na najua bwana hana roho mbaya, wengi tumeona kwa wazazi wanafanya vile. Lakini wewe mwenyewe umeshaandika jibu: kamejifunza kumkimbia, basi. Kapaka hakawezi kuunganisha kipigo na mkojo wa dakika kumi zilizopita, kanaunganisha kipigo na mtu. Kinachofuata kanatafuta mahali pa siri zaidi, nyuma ya kabati ambapo hamtafika.

Tengenezeni choo. Kata bidoni ya mafuta kwa ubavu au chukua beseni pana, ukuta wake uwe mfupi kapande bila shida, mwaga mchanga laini au vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Changarawe nyeusi za volkano tulizo nazo kila kona hapa Goma zinachoma miguu midogo, kama ni lazima uzitumie zichekeche zibaki zile laini kabisa. Majivu ya makala siyapendekezi, yakilowana yanawasha ngozi. Weka kwenye kona tulivu, mbali na sahani ya chakula, paka hapendi kula chooni kama vile wewe usivyopenda. Halafu kila kakiamka, kila kakimaliza kula, kila kakimaliza kucheza, kabebe polepole ukaweke pale, kakwaruze kidogo, kakifanya ukasifu na ukape kipande cha sambaza palepale, siyo baadaye. Kinyesi kitolewe kila siku. Paka wengi wanaoitwa wachafu wamekataa tu choo kichafu.

Pale nyuma ya fotei osha kwa sabuni, halafu vinega na maji, ikauke kabisa, maana harufu ikibaki katarudi. Usitumie javeli, ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya kwa kifua, na paka wengine harufu yake inawavuta. Kama kapaka kanarudi chooni mara nyingi, kanajikaza, kanalia na mkojo hautoki, hiyo siyo tabia, ni ugonjwa wa haraka, mpeleke siku ileile.

Kuuma mikono ni watoto walikafundisha, wanachezesha vidole na kakiwa kadogo kila mtu anacheka. Mkono usiwe tena kichezeo. Fungeni kitambaa kwa kamba kwenye kijiti, kakimbize hicho, na mkimaliza mfiche ile kamba maana kapaka kakiimeza utumbo unajifunga. Kakiuma, mchezo unasimama, mtoto anasimama na kuondoka bila kelele. Watoto wote wafuate hiyo sheria na bwana pia. Fotei nayo iokoe kwa kufunga gunia kwenye ubao, usimamishe karibu nayo, kucha lazima zikwaruze mahali.

Niko na mimba ya miezi ine, mama mkwe bananiambia nitupe paka juu itaharibu mtoto. Ni kweli? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

Hofu yao ina msingi lakini kutupa paka hapana. Ugonjwa unaitwa toksoplasmosi, kijidudu chake ni toksoplasma, na kweli ukiupata mara ya kwanza ukiwa na mimba unaweza kuumiza mtoto. Paka anaupata kwa kula panya au nyama mbichi, anautoa kwenye kinyesi kwa siku chache hadi wiki chache tu, na kinyesi kinahitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo choo kisafishwe kila siku, na mtu mwingine, siyo wewe. Ukikosa mtu, vaa glavu na unawe kwa sabuni. Kumpapasa paka siyo shida. Watu wengi wanaupata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, hapo ndipo mama mkwe asaidie kuangalia jikoni. Na ukienda CPN, kliniki ya wajawazito, uliza kama kuna kipimo cha damu cha toksoplasma.

Paka wangu ni mweusi, majirani wanasema ni wa bulozi, watoto wanampiga mawe. (Dada wa Panzi, Bukavu)

Pole sana dada. Weusi wake ni rangi ya manyoya iliyotoka kwa wazazi wake, basi, kama ndugu zake wengine walivyotoka na madoa. Macho kuwaka usiku ni kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, mbuzi anao na ng'ombe anao, na hakuna anayewapiga mawe. Mweke ndani usiku, na wale watoto waite siku moja wamlishe wenyewe, mmoja mmoja.

Kapaka ka miezi mitatu kamemkwaruza na kumuuma mtoto. Hakana chanjo. Tena ni jike, tutazuiaje kuzaa? (Baba wa Majengo, Goma)

Baba, mtoto kwanza. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu nenda kituo cha afya leo hii, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa kinapita kwa paka pia, kipo kwetu, na dalili zikishaanza hospitali haina la kufanya. Kapaka kasiuawe wala kutupwa, kafungwe mahali salama na veterinere akaangalie siku 10.

Chanjo ya kichaa inaanza kwenye wiki 12, hizo nyingine za magonjwa ya paka kuanzia wiki 6 hadi 8, na zinarudiwa. Viroboto msiviue kwa unga wa shamba wala dawa ya mbwa, nyingi zina permetrini, inaua paka. Kuhusu kuzaa, jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na anabeba kama siku 63 hadi 65, kwa hiyo kako kamebakiza muda mfupi. Upasuaji wa kufunga uzazi unafanyika kuanzia umri huohuo, na dume naye anafanyiwa. Ukikapeleka kwa veterinere kwa sababu ya kule kumuuma mtoto, uliza na bei ya upasuaji palepale, upange tarehe.