Kisukuku cha jino la papa si mabaki ya papa

Msomaji mmoja ameokota meno meusi ya papa katika changarawe ya kijito, na anauliza kama kwenye vibandiko vyake aandike "mabaki ya papa wa kale" au "visukuku vya meno ya papa".

Aandike "visukuku vya meno ya papa" (kisukuku ni sehemu ya kiumbe iliyogeuka jiwe ardhini), na upatanisho ufuate kisukuku: kisukuku cha jino kilichookotwa kijitoni.

"Mabaki" limenikera kwa miaka mingi. Linatokana na kubaki, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, na kazi yake halali ni kutaja kinachosalia kitu kikiisha kuliwa, kuungua au kuvunjika. Sasa litazame jino lenyewe. Papa hudondosha meno na kuota mengine maisha yake yote, maelfu kwa maelfu. Jino lile lilizama matopeni, naye akaendelea kuwinda. Mnyama aliyekuwa angali anaogelea ana mabaki gani? Wala jino halikubaki lilivyokuwa: lilifukiwa na mashapo, maji yaliyopenya humo yakaliingizia madini, na lililokuwa jeupe likawa jeusi, la kijivu au la hudhurungi kulingana na madini yaliyolizunguka. Mageuzi hayo ndiyo yaliyolifanya kisukuku, nayo "mabaki" huyafuta yote. Papa ana gegedu, tishu laini kama ya sikio la mtu, mahali pa mifupa, na gegedu huoza upesi, hivyo aghalabu meno ndiyo pekee tunayoyapata. Tuyataje basi kwa jina lake.

"Papa wa kale" nalo ni la kuangaliwa. Jino pana la pembetatu lenye makali ya msumeno laweza kuwa la papa mkubwa mweupe, ambaye aina yake ingali hai baharini. Kabla ya kuandika "wa kale", chunguza makali, umbo la mzizi, na kama kuna vijino vya pembeni.

Huko Ulaya meno haya yaliitwa ndimi za mawe, na wengi wakaamini hivyo. Mwaka 1666 Nicolas Steno, mwanaanatomia wa Denmark, alipasua kichwa cha papa mjini Florence, akayatambua mawe hayo kuwa meno.

Katika mazungumzo sitamkatiza anayesema "mabaki". Kwenye kibandiko ningeandika: "Kisukuku cha jino la papa, makali ya msumeno, mzizi umevunjika upande mmoja", kisha jina la kijito na tarehe.